Kisichoimbika Kimeimbwa

Kila kijana aliyewahi kupeleka shairi huru kwa wakubwa wa fani anaijua hukumu kabla haijatamkwa: "Hili haliimbiki." Basi, kesi imekwisha. Hakuna anayeuliza shairi linasema nini, wala picha zake zimekaaje. Na hoja yenyewe si ya mtaani tu. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliiandika kitabuni mwaka 1954, katika Sheria za Kutunga Mashairi: shairi ni wimbo, na shairi lisiloimbika halina maana. Miaka 20 baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani iliyovunja kanuni za vina na mizani waziwazi, na moto ukawaka. Sheikh Amri alitangulia zamani, Kezilahabi naye ametutoka mwaka 2020, lakini moto haujazimika. Nenda kijiwe chochote chenye washairi wawili, mmoja wa vina na mwingine wa huru, utaukuta unafuka.

Nataka kuipeleka kesi hii kwa mashahidi wasio na undugu na upande wowote. Nao ni waimbaji na watunzi wa muziki wa Vienna, New York na Budapest, ambao kwa miaka mia moja na kitu wameimba karibu kila kinachoandikika: mashairi ya vina safi, maneno ya postikadi, habari ya gazeti, hata shajara ya mfanyakazi wa bima. Tuwasikilize, halafu tuone kama hilo neno "kuimbika" lina uzito tunaolipa.

Lakini kwanza tuelewane ni nyimbo gani. Huko Ulaya, hasa tangu enzi za Schubert, upo utaratibu wa mwanamuziki kuchukua shairi lililokwisha kuandikwa na mtu mwingine na kulitungia muziki wa sauti moja na piano. Ni nyimbo za chumbani. Ukumbi ni mdogo, kipaza sauti hakuna, watu wanakaa kimya kama wako ibadani, na wala hakuna anayeinuka kwenda kumtunza mwimbaji. Tofauti kubwa na taarabu iko katika lahani. Kwetu lahani moja hubeba beti zote, na kina ndicho kituo: mwimbaji akifika hapo anavuta pumzi, fidla inajibu. Kwa wale, kila mstari unaweza kupewa lahani yake, na piano haisubiri kujibu; inabishana na mwimbaji papo kwa papo.

Onyesho ninalolihakiki nimelipanga mwenyewe kutokana na rekodi, kwa mtindo wa programu za kumbi ndogo: nusu ya kwanza wazee wa usasa, nusu ya pili watu wa karibu yetu. Vipande vitatu vya mwanzo vinatuongoza kwa sauti moja, ya Jan DeGaetani, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1989, ambaye aliweza kuimba Schoenberg na Ives akiwa na mpiga piano wake Gilbert Kalish, na bado akawa ndiye wa kwanza kuuimba mzunguko mgumu wa George Crumb mwaka 1970. Sauti yake si kubwa. Ina kitu kimoja ambacho waimbaji wengi wa muziki huu hawana: anatamka kama mtu anayeongea nawe, hata noti inapokuwa juu ya paa.

Tunaanza na Arnold Schoenberg, Das Buch der hängenden Gärten, yaani kitabu cha bustani zinazoning'inia. Ni mashairi 15 ya Stefan George yaliyotoka mwaka 1895, na muziki uliotungwa kati ya mwaka 1908 na 1909. Uliimbwa kwa mara ya kwanza Vienna tarehe 14 Januari 1910. Aliyeimba ni Martha Winternitz-Dorda, piano akapiga Etta Werndorff. Katika maelezo ya programu Schoenberg aliwaambia wasikilizaji kwamba kwa nyimbo hizi amekaribia kwa mara ya kwanza kile alichokuwa akikiota kwa miaka, na kwamba anajua amevunja mipaka yote ya ujuzi wa zamani. Alijua pia kuwa watamjia juu.

Alivunja nini hasa? Wimbo wowote unaoujua, wa kanisani, wa kaswida au wa dansi, una noti moja ya nyumbani. Unatoka, unazunguka, mwisho unarudi pale, na sikio linatua. Schoenberg aliiondoa nyumba. Wimbo wa kwanza unaanza na piano peke yake, mstari mmoja mwembamba chini kabisa, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta swichi. Sauti inaingia nayo chini, karibu na maongezi. Hakuna kibwagizo. Hakuna neno linalorudiwa. Kila silabi inapata noti yake na kupita.

Sasa hapa ndipo shahidi wetu wa kwanza anapotoa ushahidi wa ajabu. George alikuwa mtu wa sheria bwana, si mchezo. Mistari yake imepimwa, vina vimekaa mahali pake, na aliandika nomino kwa herufi ndogo kinyume na kaida ya Kijerumani ili ukurasa wenyewe uwe na sura ya kipekee. Mwalimu yeyote wa arudhi angempa alama zote. Lakini msikilize DeGaetani akiimba: vina vimekwenda wapi? Viko, ukivitafuta na karatasi mkononi. Masikioni vimeyeyuka. Muziki hausimami pale mstari unaposimama. Unaruka kina kama mtoto anavyoruka dimbwi na kwenda kutua kwenye neno la katikati, neno la pumzi au la mkono au la jani. Shairi lililofungwa kamba kila upande limefunguliwa lote.

Na liliachiwa vipi? Schoenberg mwenyewe alieleza mwaka 1912, katika makala juu ya uhusiano wa muziki na maneno iliyochapishwa katika Der Blaue Reiter, kitabu cha akina Kandinsky na Franz Marc. Makala hiyo ningependa kila mwandishi chipukizi aipate. Anakiri kuwa kwa miaka mingi alizijua nyimbo fulani za Schubert bila kuwa na habari mashairi yake yanahusu nini. Alipokuja kuyasoma akaona hayakumwongezea kitu. Muziki ulikwisha kumpa kila kitu. Na nyimbo zake nyingi, anasema, alizitunga akiwa amelewa na mlio wa maneno ya kwanza tu, akaandika hadi mwisho bila kujali shairi linaelekea wapi, na siku kadhaa baadaye ndipo alipokwenda kutazama linasema nini.

Ngoja kwanza. Hivi tumeelewa uzito wa maneno hayo? Kama ndivyo, basi kuimbika si sifa ya shairi lote. Ni sifa ya mlango wake. Mstari wa kwanza ukimwingia mtunzi, yaliyobaki atayaimba hata kama ni orodha ya bei.

Nikiwa mkweli, kati ya vipande vinne hiki ndicho ambacho maneno yake yananivutia kidogo kuliko vyote. Bustani ya George ni nzuri mno. Mabwawa, marumaru, maua yaliyopangwa, mpenzi anayesubiriwa, mpenzi anayeondoka. Wapo wanaousikia ndani yake ule mkasa wa nyumbani kwa Schoenberg, wa mkewe Mathilde kumfuata mchoraji Richard Gerstl wakati wa kiangazi cha 1908, akarudi, na Gerstl akajiua mwezi Novemba. Huenda. Mimi naona wimbo wa 15, wa mwisho, unajitosheleza bila umbea huo: bustani inakauka, na mwimbaji akishamaliza, piano inaendelea peke yake muda mrefu, kama inatembea kwenye nyumba iliyohamwa. Hapo hakuna shairi tena, na ndipo mahali bora pa kipande chote. Ewe mshairi, ukitungiwa muziki na bingwa, jiandae kupokonywa mwisho wako.

Kabla hatujavuka bahari, kisa kimoja. Mwanafunzi wa Schoenberg, Alban Berg, mwaka 1912 alitunga nyimbo tano kwa okestra kubwa juu ya vijineno vya Peter Altenberg, mwandishi wa mikahawani pale Vienna aliyependa kuandika kwenye postikadi za picha. Vijineno hasa: mistari michache, bila kipimo. Tarehe 31 Machi 1913 mbili kati ya nyimbo hizo ziliimbwa kwenye ukumbi wa Musikverein, Schoenberg akiongoza. Watu walicheka, wakazomea, wakapigana makofi, polisi wakaingia, na onyesho likaishia njiani. Nyimbo za Mahler zilizokuwa zifuate hazikuimbwa kabisa. Nyimbo zote tano hazikusikika pamoja kwenye ukumbi hadi mwaka 1953, mjini Rome. Berg alikuwa amekufa mwaka 1935. Mtunzi hakuusikia wimbo wake, kisa maneno ya postikadi na sauti zisizo na nyumba.

Baada ya vurugu za namna hiyo Schoenberg akaanzisha, mwishoni mwa 1918, chama cha maonyesho ya faragha. Kanuni zake zilikuwa kali: programu haitangazwi kabla, kipande kigumu kinarudiwa siku nyingine, kupiga makofi marufuku, kuzomea marufuku, na wahakiki wa magazeti marufuku mlangoni. Naam, watu kama mimi. Kilidumu hadi 1921 na kutoa maonyesho zaidi ya 100. Mara nyingi nimefikiri ingekuwaje usomaji wetu wa mashairi ungeendeshwa hivyo japo mwezi mmoja: shairi lisomwe mara mbili, kimya, twende nyumbani. Nusu ya ubishi wetu wa vina ungekufa kwa kukosa watazamaji.

Haya, Marekani. Charles Ives alikuwa na kampuni ya bima New York na alitunga muziki usiku na siku za mapumziko. Wachapishaji walikuwa hawamtaki, naye hakuwapigia magoti. Mwaka 1922 alichapisha kwa pesa zake kitabu kinene, 114 Songs, akakigawa bure. Sisi tunaobana kurasa za jarida letu kwa stepla tunapaswa kumpigia saluti. Mwishoni mwa kitabu akaweka maneno yake ya ukorofi: kwamba hakuandika kitabu, amefagia nyumba tu, na kwamba baadhi ya nyimbo zilizomo haziwezi kuimbwa. Umesikia? Mwenye nyimbo mwenyewe anasema haziimbiki! Halafu anaongeza kwamba wimbo nao una haki zake kama raia mwingine.

Sikiliza The Cage, yaani tundu. Maneno ni ya Ives mwenyewe, nathari tupu isiyo na kina hata kimoja: chui anazunguka ndani ya tundu, anasimama tu mlinzi akileta nyama, na mtoto aliyekaa pale saa tatu nzima anaanza kujiuliza kama maisha nayo ndivyo yalivyo. Hadithi nzima imekwisha. Piano inapiga mafungu mazito ya noti, ya kwanza marefu, yanayofuata mafupi zaidi na zaidi, kama hatua za mnyama anayekaribia ukuta. Sauti inakwenda kwa noti sawasawa, sawasawa, haikazi wala haipoi, mistari ya kugawa mapigo haipo kabisa kwenye karatasi. Kinachoshika wimbo ni ule mwendo. Ives aliona kwamba sentensi yake ina mzunguko ndani yake, akaupa miguu minne.

Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta. Nathari ya The Cage haina vina, lakini ina mwendo, na mwendo huo uko kwenye sentensi kabla mwanamuziki hajaugusa. Jaribu kuisoma kwa sauti: unaishiwa pumzi mahali fulani, na mahali hapo ndipo swali la mtoto linapoanza. Mashairi huru mengi tunayoletewa, na nasema hivi nikiwa upande wa huru, hayana hata hicho. Mstari umekatwa pale mwandishi alipochoka, au pale alipoona wenzake wanakata. Mkubwa akisema "haliimbiki" amekosea sababu, ila sikio lake huenda limenusa kitu cha kweli.

Nimpitie Crumb haraka. Ancient Voices of Children imetungwa juu ya vipande vya mashairi ya García Lorca, na nasema vipande kwa sababu Crumb hakuchukua mashairi mazima. Alichomoa mistari, akaipanga upya. Mwanzoni DeGaetani anaimba akiwa ameuelekeza mdomo ndani ya piano iliyotiwa kipaza sauti. Hana maneno, ni irabu na mikwaruzo ya ulimi tu, na nyuzi za piano zinamrudishia sauti yake kama kisima. Maneno yanapofika, ni habari za mtoto anayetafuta sauti yake iliyopotea. Mtoto wa kiume anaimba akiwa nje ya jukwaa, na katika wimbo wa mwisho ndipo anapoingia na kuungana na mwanamke. Inasisimua, sikatai. Lakini kuna msumeno wa kupigwa muziki, piano ya kuchezea watoto, kengele, zumari, vitu chungu nzima, na kufikia katikati nilianza kuwa kama mtu dukani. Lorca alihitaji vitu vichache kuliko hivyo.

Vichache kuliko hivyo ndivyo alivyokuja navyo György Kurtág. Kafka-Fragmente, kazi ya miaka ya 1985 hadi 1987, ina sauti moja ya mwanamke na fidla moja. Basi. Vipande 40, karibu saa nzima, vingine havifiki nusu dakika. Maneno yametoka kwenye shajara, barua na madaftari ya Franz Kafka, mtu mwingine wa bima. Alifanya kazi katika taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi kule Prague. (Sijui bima ina nini. Labda mchana kutwa wa fomu humfanya mtu aheshimu sentensi fupi.) Adrienne Csengery na András Keller ndio waliokionyesha mara ya kwanza mwaka 1987 huko Witten, Ujerumani, na rekodi yao ndiyo ninayoitumia.

Kafka hakuwa anaandika mashairi. Alikuwa anajiandikia. Hakuna aliyemwambia maneno hayo yataimbwa, na kama angeambiwa naamini angecheka. Ila tazama kilichotokea. Kipande cha kwanza kinahusu watu wema wanaokwenda kwa hatua moja, na wengine wasio na habari nao wanaocheza dansi kuwazunguka. Fidla inatembea kushoto, kulia, kushoto, kulia, noti zile zile mbili kama askari mjinga, na sauti ya Csengery inaruka pembeni yake na kukataa kuingia mstarini. Sekunde hamsini na kitu, na ubishi wetu wote wa kanuni na uhuru umo humo ndani, tena bila kumtukana mtu.

Kipande kingine kimetokana na ndoto ya Kafka kuhusu mnenguaji anayesafiri kwa tramu akiwa na wapiga fidla wawili. Hapo Keller anatakiwa kuwa na fidla mbili, moja imelegezwa nyuzi isivyo kawaida, na vishikio viwili vya karatasi. Anahama kutoka hiki kwenda kile kama abiria anayebadilisha kiti. Kuna utani, kuna mbio. Halafu vinakuja vijisentensi vya maneno matatu manne, na Kurtág anaviimba mara moja na kunyamaza. Haongezi ubeti wa pili kwa sababu Kafka hakuuandika. Katika orodha yangu yote huyu ndiye mtunzi aliyeyasoma maneno yake hadi mwisho kabla ya kuyagusa, na inasikika.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa huru ambao wakisikia habari za Kurtág watashangilia: ona, hata shajara inaimbwa, tumeshinda! Hamjashinda. Ikiwa postikadi, gazeti na shajara vyote vimeimbwa, basi kuimbwa hakumpi mtu cheti. Mkubwa wa vina hawezi kutumia wimbo kukufukuza, nawe huwezi kuutumia kuingilia. George, mwenye vina vyote, amemezwa na piano. Kafka, asiye na kina hata kimoja, anasikika neno kwa neno. Na kesho anaweza kutokea mtunzi akafanya kinyume chake kwa maneno yale yale. Kinachobaki mezani ni sentensi yako: ina uzito gani, inaishiwa pumzi wapi, na baada ya kuishiwa, inaacha ukimya wa aina gani.

Mtu akiniuliza aanzie wapi, nitamwambia aanze na kipande cha mwisho kabisa cha Kurtág, asikilize nyuma kwenda mbele. Kafka ameandika usiku wa mbalamwezi unaopofusha, ndege wanaolia mitini, na wawili wanaojikuta wanatambaa vumbini kama jozi ya nyoka. Kurtág ana sauti moja na fidla moja, na anazifanya ziwe hao nyoka. Zinapandana, zinajisokota, inapopanda hii ile inashuka, hadi hujui tena ni uzi au ni koo. Csengery anashikilia noti moja ndefu, fidla inapita chini yake, wanatambaa pamoja hadi vumbi likawameza.